Mwape Alitoka Upande Gani

Vijana wa seksheni ya filme, juma lililopita nilimkabidhi mmoja wenu ufunguo wa chumba cha giza, naye akaniuliza kama nina neno la kuwaachia. Nilikuwa nalo, ila si la kusema nimesimama mlangoni na kofia mkononi. Ndiyo maana ninaandika. Vyeo nilivyopanda havina habari yoyote, na mishahara mnaijua. Nitawaeleza nilivyoanza, ni nani aliyenifundisha, na kisa cha filme moja ambayo hamtaikuta kwenye rafu, ingawa nambari yake bado imo kwenye daftari.

Nilikuwa karani mdogo wa ofisi ya mizigo, stesheni ya Élisabethville. Baba alitoka kaskazini akafanya kazi ya reli, nami nilitazamiwa kuifuata reli hadi uzee. Siku moja yalifika masanduku manne yaliyoandikwa kila upande kwa Kifaransa kwamba yabebwe polepole. Mwenyewe alikuja kuyachukua: Mbelgiji mrefu, bila kofia, shati limelowa jasho. Aliniona nimekumbatia sanduku kwa mikono miwili.

"Unajua kuna nini ndani?" aliniuliza.

"Hapana, Bwana."

"Mbona unabeba vizuri hivyo?"

"Imeandikwa, Bwana."

Alicheka. Jumatatu iliyofuata nilikuwa natumika kwake.

Jina lake la kwao sitaliandika, mwenyewe hakulipenda. Watu wa mji walimwita Bwana Jicho-Moya, kwa sababu kila walipomwona jicho moja lilikuwa limefumbwa na la pili limo ndani ya kamera. Alikuwa mpima ardhi kabla ya kushikwa na ugonjwa wa filme. Siku zile, wenye kamera walipiga filme za simba, gavana akishuka kwenye treni, na ngoma zilizoamriwa kuchezwa saa nne asubuhi kwa kuwa jua lilikuwa zuri. Yeye ndiye wa kwanza katika nchi yetu kuisimamisha kamera mbele ya mtu anayefanya kazi yake ya kila siku, na kungoja. Kule Lukafu alimpiga filme mama mmoja akitwanga mihogo tangu mwanzo hadi mama alipochoka, akakaa chini. Wazungu wenzake walimwuliza filme hiyo inahusu nini.

"Inahusu mihogo," alijibu.

Kazi yangu ya kwanza ndani ya chumba cha giza haikuniletea sifa. Nilikuwa sijawahi kuona negatifu. Bwana aliitoa filme majini, akaining'iniza mbele ya taa nyekundu, akaniambia nitazame. Nikawaona wanawake wa soko letu, ninaowajua kwa majina, nyuso zao nyeupe kama zimepakwa pemba, ule udongo mweupe, nywele nyeupe, na badala ya macho nuru mbili ndogo. Mmoja wao alikuwa shangazi yangu. Nilifungua mlango nikatoka mbio, na jua likaingia likala kazi ya siku mbili. Bwana alinifuata nje, akakaa karibu nami kwenye ngazi.

"Hao ni wazima, Donatien," alisema. "Bado tu hawajageuzwa."

Nilirudi ndani. Lakini nawaambia kweli: miaka yote hii, kabla ya kutazama negatifu, kwanza nakohoa kidogo, kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu.

Alinifundisha kukaza springi ya kamera bila kuivunja, na kuhesabu kimoyomoyo, kwa sababu ikikazwa yote inakupa nusu dakika tu. Alinifundisha kuunga filme: unakwangua kwa wembe, unapaka gundi yenye harufu ya ndizi mbivu, unabana, unahesabu hadi ishirini, na huongei. Alinifundisha pia kusimama mbele ya watu na kuwaeleza filme kwa Kiswahili, maana filme zetu hazikuwa na sauti. Na alikuwa na amri moja. "Mtu usimwambie afanye jambo ambalo hafanyi," alisema. "Ukimwambia, unabaki na uongo wenye mwanga mzuri."

Haikuwa rahisi kufuata amri hiyo, kwa sababu watu walitukimbia. Miaka ile nchi nzima iliogopa batumbula, watu waliosemwa kwamba wanawakamata wenzao njiani na kwenda kuwauza wakaliwe. Sisi tulikuwa na gari lililofunikwa na masanduku meusi. Karibu na Kasenga tulifika kijiji kimoja tukakuta moto unawaka, sufuria ya bukari, ugali wetu, inachemka, mwiko umesimama ndani yake, na hakuna mtu hata mmoja. Hata mbwa hawakuwepo. Bwana aliipua sufuria isiungue, tukakaa. Tulikaa siku mbili, na muda wote huo tulijua tunatazamwa. Siku ya tatu alitoka mzee mmoja, akataka kujua ndani ya kisanduku kuna nini. Bwana akamwachia kamera atazame. Mzee alitazama sana.

"Ni mto tu," alisema, kama mtu aliyepunjwa. Wengine wakarudi mmoja mmoja.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Vita vya Ulaya vilipoanza, filme mpya hazikufika tena. Tulibaki na kamera safi na makopo matupu. Kulikuwa na kampuni ndogo ya machimbo ya chokaa nje ya mji. Imefungwa zamani, na jina lake liende nayo. Ghalani mwao yalikuwepo maboksi ya filme yaliyoachwa na mkubwa mmoja aliyerudi kwao. Wakamwambia Bwana: tutengenezee filme ya kuwafundisha wafanyakazi wapya wasipite chini ya mwamba, na maboksi yatakayobaki yawe yako. Bwana alizunguka chumbani siku nzima. Jioni aliniita, lakini hakunitazama.

"Tunahitaji mtu wa kufa," alisema.

Hakuna aliyekubali. Wengine walicheka, wengine waliondoka bila kuaga. Mwisho nilimwendea Mwape. Alikuwa kijana mbeba-mawe, mcheshi kuliko wote pale, mwana wa kiume wa pekee wa Mama Chola, muuza samaki wa Kasenga aliyehamia mjini. Naye alikataa.

"Kufwa haiko kazi ya kujaribu-jaribu, Donati."

"Ni mchezo," nilimwambia. "Nusu dakika. Utalala, utaamka."

Maneno hayo niliyasema mimi. Bwana alikuwa mbali, anapima mwanga.

Tulimpiga filme Mwape akipita chini ya mwamba na kikapu chake. Kisha tukasimamisha kamera, tukapanga mawe, akalala katikati yake kwa ubavu, mkono wa kuume chini ya mwili, uso wenye chokaa ukituelekea. Kamera ikaanza kunguruma, nami nikahesabu. Kilichotakiwa kilipotimia, Bwana hakuondoa kidole, sijui kwa nini. Mwape alingoja. Akafungua jicho moja. Akainuka, akapangusa suruali, akatujia moja kwa moja akicheka.

"Nilikufwa muzuri?" aliuliza, akatupita.

Watu wote machimboni walicheka mpaka msimamizi akawakemea.

Sehemu hiyo ya kuinuka Bwana aliikata, akaitia kwenye kopo la mabaki. Katika filme yenyewe Mwape analala, baadaye watu wanne wanapita na machela iliyofunikwa, na basi. Tuliionyesha Jumapili baada ya misa, kwenye banda la maseremala, madirisha na mlango vimefunikwa na mablanketi ili kupata giza. Jumapili ya kwanza Mwape mwenyewe alikaa benchi la mbele, rafiki zake wakimpiga mgongoni.

Majuma matatu baadaye mvua zilianza. Siku ya Alhamisi, saa sita mchana, mwamba ulimwangukia.

Mimi niliitwa kwa sababu nilikuwa na kinga, yaani baiskeli, nikapeleke habari kwa mama yake. Nilipita machimboni kwanza. Alikuwa amelala kwa ubavu, mkono wa kuume chini ya mwili, chokaa usoni.

"Kama kwa filme," msimamizi alisema kwa sauti ndogo.

Nilitazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya matundu matatu ya miguu ya kamera, na mvua ilikuwa imeyajaza maji.

Nilidhani filme itawekwa kando. Lakini direkta wa machimbo alisema kwamba ni sasa ndipo watu wataiamini, akaagiza ionyeshwe kila Jumapili. Bwana alibishana naye, akashindwa. Filme ilikuwa mali ya kampuni. Basi kila Jumapili nilisimama kando ya mashine na kueleza: huyu hakusikiliza, huyu alipita chini ya mwamba. Nilikuwa namsema mtu ambaye nilikula bukari ya kilio chake.

Baada ya matanga Mama Chola alianza kuja. Alikaa benchi la mbele, kitambaa cheusi kichwani. Mwanawe alipolala pale kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani, yeye aliinama mbele kidogo, midomo ikimtembea. Filme ikiisha, alibaki amekaa hadi wote watoke.

Jumapili ya pili ya kuja kwake filme ilikatika pale pale alipolala Mwape. Nilisema ni gundi, maana wakati wa mvua gundi haikauki vizuri. Nikaunga upya. Jumapili ya tatu ikakatika tena, si kwenye kiungo, bali pembeni yake, kwenye filme nzima. Ya nne mashine ilisimama yenyewe, na Mwape akabaki ukutani akitutazama. Mnajua filme ikisimama mbele ya taa inaanza kuungua. Nilirukia taa nikaizima ili isimuunguze uso.

Halafu yakaja maneno ya saa sita. Wabeba-mawe walisema kwamba jua likiwa utosini wanamwona mtu amelala chini ya mwamba. Wakikaribia, ni mawe tu. Direkta alifurahi kwamba hakuna anayepita tena pale. Mimi ningecheka pia, lakini mpishi wa kambi, mgeni kutoka Sakania, ambaye hajawahi kuiona filme na alifika baada ya mazishi, alinisimamisha njiani.

"Kaka, ule mutu analalaka pale kila midi, ni nani?" aliniuliza. "Anakuwaka na mukono chini ya mwili. Haumuumi?"

Siku mbili baadaye Mama Chola alikuja kwenye chumba cha giza, asubuhi. Bwana alikuwa Kasenga. Mama alikataa kiti.

"Ni weye ulisemaka na mutoto yangu?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Ulimuambia nini?"

Sikuweza kumdanganya. "Nilimwambia ni mchezo. Atalala, ataamka."

"Njo ile neno." Alikaza kitambaa chake kichwani. "Kila siku ya Mungu, kisha misa, mi nakuya, naikala mbele, naona anaanguka. Nangoya aamuke. Haamuke. Munamufunika, munamupeleka. Siku ya Mungu ingine, tena. Mutu anakufwaka mara moya, Donati. Wangu mutamuua mara ngapi?"

"Mama, unataka niichome filme?"

"Ukiichoma, atabakia chini." Alinishika mkono, wake ulikuwa mkavu, una harufu ya samaki wa kukaushwa. "Mi nasema umuinushe. Ulimupatia neno."

Hakujua habari ya kopo la mabaki. Hakuna aliyejua, isipokuwa Bwana na mimi. Nilimwambia aje Jumapili kama kawaida. Niliogopa alipoondoka, na si kwa ajili ya Mwape peke yake. Kugusa mali ya kampuni bila ruhusa, kwa mtu mweusi wa siku zile, kulikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa wa gereza.

Jumamosi nilifunga chumba kwa komeo, nikamwaga kopo la mabaki mezani. Nilitafuta kuanzia asubuhi hadi saa nane. Kilikuwa kipande kisichozidi urefu wa mikono yangu miwili iliyonyooshwa. Nilikohoa, nikakiinua kwenye taa. Mwape mweupe amelala. Mwape mweupe anafungua jicho. Nilitengeneza nakala, nikaitia ndani ya dawa na kutikisa taratibu kama nilivyofundishwa. Alikuja polepole, kwanza suruali, kisha kichwa, na kwa sababu ya mtikisiko wa maji ilikuwa kama anapumua. Nilijikuta namwambia kwa sauti, "Ngoja kidogo, kaka. Kesho." Kisha nikakikata kipande cha machela kwenye filme, nikaunga kuinuka kwake mahali pake, nikahesabu hadi ishirini.

Jumapili banda lilijaa. Direkta alikuja, jambo ambalo hakuwa akifanya, akakaa nyuma. Mama Chola alikuwa mbele. Nilianza kueleza: huyu anapita na kikapu chake. Mwape akalala, na hapo nikaacha kueleza. Ilibaki sauti ya mashine tu.

Alilala. Watu walikwisha kuanza kuangalia chini, wakingoja machela. Akafungua jicho.

Nilisikia benchi zima likivuta pumzi. Mwape aliinuka, akapangusa suruali, akatujia akicheka, akawa mkubwa hadi akajaa kitambaa chote. Midomo yake ikauliza lile swali. Kisha akageuka kushoto akatoka. Watu wa upande wa kushoto walisimama na kujibana ukutani, benchi baada ya benchi, wakiacha njia katikati kama mnavyompisha mtu aliyebeba mzigo. Mama Chola naye alisimama. Alikwenda mlangoni, uliokuwa upande huo huo, akainua blanketi juu kwa mikono miwili. Jua la mchana likaingia, kitambaa kikafifia, hatukuona kitu tena. Alilishikilia blanketi kwa muda ambao mtu angehitaji kupita. Halafu akatoka, likaanguka nyuma yake.

Direkta alikuja juu. Alipiga kelele kwa Kifaransa kwamba ni fundisho gani hili, maiti anaamka na kucheka! Aliniambia nisubiri polisi. Nilikaa juu ya sanduku la mashine nikasubiri. Polisi hawakuja, kwa sababu simu ya mji, mvua zile, ilifanya kazi ikipenda. Aliyefika kwanza, Jumatatu asubuhi, ni Bwana.

Nilimweleza yote. Akafunga madirisha, akaniambia nimwonyeshe. Nilipitisha filme, na Mwape aliinuka, akapangusa suruali, akaja, akauliza, akatoka. Upande wa kulia.

Nilizima mashine. Nilifikiri labda niliunga kipande kinyume. Nilikikagua kwa kidole na kwa kioo: kiko sawa. Nilikagua negatifu: kulia. Mlango wa banda la maseremala uko kushoto, mnaweza kwenda kuuona, banda bado lipo. Sikumwambia Bwana neno.

"Anasema nini pale mwisho?" aliniuliza.

"Anauliza kama alikufa vizuri, Bwana."

Alikaa kitako chini, mtu mzima yule, juu ya saruji. "Mimi nilitaka mtu wa kufa," alisema.

"Mimi nilimwomba, Bwana."

"Wewe ulimwomba kwa sababu mimi nilitaka."

Mchana alikwenda machimboni. Alikaa huko hadi jua linatua. Alimwambia direkta kwamba kipande kiliungwa kwa amri yake, akayarudisha maboksi yote ya filme ambayo hatukuwa tumeyatumia ili aachiwe ile moja. Njiani alipita kwa Mama Chola akampa nakala na negatifu, vyote. Mama alivifunga katika kitambaa, akaenda navyo Kasenga. Alichovifanyia huko ni chake. Akarudi, akaendelea kuuza samaki. Sokoni alinisalimia kama mtu yeyote, na mpishi wa kambi hakuniuliza tena habari ya saa sita.

Sisi tulikaa karibu mwaka mzima bila filme. Bwana hakulalamika. Alinipa kamera tupu, akanipeleka kila siku mahali fulani, kwa mafundi baiskeli, kwa wafyatua matofali, akaniambia nipige. Nilikaza springi, nikatazama, nikahesabu, na hakuna kitu kilichobaki. Jioni alinitaka nimsimulie nilichokiona. Vijana, kama nina ufundi wowote wa kazi hii, niliupata mwaka ule ambao sikupiga chochote. Filme ziliporudi baada ya vita, tulipofika Lukafu aliniachia kamera, yeye akabeba miguu ya kamera. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpiga filme, na tangu siku hiyo sikumwambia mtu yeyote alale.

Aliugua mapafu, madaktari wakamtaka arudi kwao. Nilimsindikiza stesheni. Alikuwa amekonda, na safari hii mimi ndiye niliyebeba masanduku yake hadi ndani ya behewa, treni ya kwenda Sakania na kusini. Nilipokuwa nashuka aliniita dirishani.

"Donatien. Mwape alitoka upande gani?"

Tulikuwa hatujalitaja jina hilo tangu siku ile.

"Kushoto, Bwana. Mlangoni."

Alifumba macho yote mawili. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo.

"Siku ile machimboni niliwauliza wote," alisema. "Msimamizi, maseremala, hata direkta. Kwenye filme nilimwona akitoka kulia, lakini wote walisema kushoto. Wewe peke yako sikukuuliza."

"Kwa nini, Bwana?"

"Ni wewe uliyeshika filme. Niliogopa utaniambia kulia, na wote wale wawe wameota."

Treni ikaanza kusogea. Nilitembea sambamba na dirisha hadi jukwaa lilipokwisha, kisha nikachukua kinga yangu nikarudi kazini. Asubuhi nilikuwa nimechanganya dawa, na ingeharibika.